Droni inanidanganya au nahodha anakosea? Kumpima potwe kutoka angani

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwongoza wageni hapa Kilindoni, Mafia. Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuogelea na potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa. Shemeji yangu aliporudi kutoka Muscat alituletea droni ndogo yenye kamera. Wiki iliyopita niliirusha nikiwa nimesimama kwenye boti, nimeishika mkononi. Skrini ilipoandika mita 25, kamera ikitazama chini kabisa, nikarekodi video ya potwe akipita ubavuni mwetu. Nilisimamisha video, nikahesabu pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, nikatumia kanuni niliyoipata mtandaoni pamoja na vipimo vya sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) vilivyoandikwa kwenye kitabu cha droni. Ikatoka mita 9.6. Nahodha wetu, mzee wa miaka mingi baharini, akacheka: 'Yule ni wa boti hii hii.' Boti nimeipima kwa futi kamba, omo hadi tezi, ni mita 8.40. Basi nikaipima nayo kwenye picha ile ile kwa kanuni ile ile, ikatoka mita 10.1! Je, kamera ni mbovu? Ninunue kifaa cha leza? Na mlio wa droni hauwasumbui potwe? Ningependa namba hizi zifae utafiti, si za kuwafurahisha wageni tu."*

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikupongeze kwa kuipima boti. Mtu akishapata namba ya kupendeza kwa kawaida huishia hapo, anaiandika kwenye picha, anaituma. Wewe ulirudi ukapima kitu ambacho urefu wake unaujua, na kumbe boti ndiyo iliyotoa siri. Kamera yako si mbovu. Leza usinunue kwanza. Na nahodha wako yuko karibu na ukweli kuliko ulivyodhani, nitakuonyesha kwa hesabu.

Tuanze na picha yenyewe. Picha haina mita ndani yake. Nyoosha mkono, inua kidole gumba, utafunika jahazi zima lililoko mbali. Kidole hakijawa kirefu kuliko jahazi, ila kiko karibu na jicho. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Inachojua ni kwamba mnyama amechukua pikseli kadhaa. Ili pikseli zigeuke mita lazima ujue kamera ilikuwa umbali gani kutoka kwa mnyama, na lenzi yake inakuza kiasi gani. Kanuni uliyoipata bila shaka ni hii: idadi ya pikseli, mara upana wa pikseli moja kwenye sensa, mara umbali wa kamera, gawanya kwa umbali wa fokasi wa lenzi, ile namba inayosema lenzi inakuza kiasi gani. Kanuni ni sahihi. Tatizo huwa ni namba tunazoitilia.

Chukua kamera yenye sensa ya upana wa milimita 13.2, picha yake ina pikseli 5472 kwa upana, na fokasi ni milimita 8.8. Ikiwa mita 30 juu, kila pikseli inafunika karibu sentimita 0.8 za bahari, kwa hiyo potwe wa mita 8.4 atachukua pikseli elfu moja na kidogo. Sasa tuseme umekosea pikseli tano puani na tano mkiani. Hasara yake ni sentimita 8. Lakini ukikosea urefu wa droni kwa mita 2 tu, hasara ni zaidi ya nusu mita. Ndiyo maana huwa nashangaa watu wakibishana kuhusu kamera ya pikseli ngapi, wakati anayetudanganya karibu kila siku ni ule urefu ulioandikwa pembeni ya skrini.

Namba ile hutoka wapi? Droni nyingi ndogo hupima urefu kwa barometa, yaani shinikizo la hewa, na huanza kuhesabu sifuri pale ilipopaa. Haijui bahari iko wapi. Uliirusha ukiwa umesimama kwenye boti, mkono juu, kwa hiyo sifuri yako ilikuwa kama mita 2 juu ya maji. Skrini ilipoandika 25, kamera ilikuwa karibu mita 27 kutoka usoni mwa maji. Ongeza na jua la Mafia linalopasha joto mwili wa droni, na upepo unaobadilisha shinikizo, barometa huteleza taratibu bila kukuaga.

Lakini angalia jambo hapa. Kosa la kuanzia mkononi linakufanya uamini uko karibu kuliko ulivyo, kwa hiyo lingetoa boti *fupi*. Maji yaliyo juu ya mgongo wa potwe nayo yanamfupisha potwe. Wewe umepata boti *ndefu*, tena kwa asilimia 20. Barometa kuteleza mita tano au zaidi katika safari fupi si kawaida. Basi kuna kitu kingine kinachorefusha, nami nashuku sana kwamba ni video.

Kamera nyingi zikiwa kwenye video hazitumii sensa nzima. Hukata pembeni, mara ili kutuliza mtikisiko, mara ili kufikia ukubwa fulani wa video. Picha inayobaki ni ya eneo dogo zaidi, kana kwamba umesogea karibu. Wewe ukachukua upana wa sensa nzima kutoka kwenye kitabu, ukaugawa kwa pikseli za video, na kila pikseli ikahesabiwa kubwa kuliko ilivyo. Usione haya. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo niliwahi kumtoa nyangumi mama wa mita 18 kwenye kompyuta yangu, nikakaa naye siku mbili nikijiona nimegundua kitu. Nyangumi wenye nundu wakubwa wengi huwa kati ya mita 13 na 16. Nilikuwa nimehama kutoka picha mnato kwenda video katikati ya safari, nikasahau. Tangu siku hiyo napiga picha mnato tu, au kama ni lazima video, naipima upya kamera ikiwa kwenye hali ile ile ya video.

Sasa tumuokoe potwe wako, kwa sababu data yako haijapotea. Boti ilikuwa kwenye picha ile ile, kwa hiyo inaweza kuwa rula. Boti ilitoka 10.1 badala ya 8.40. Tukimpunguza potwe kwa kiwango hicho hicho, 9.6 inakuwa karibu mita 8.0. Wengi wangesimama hapo. Tusisimame, maana rula yako haikuwa sehemu moja na samaki wako. Ukingo wa boti uko juu ya maji, tuseme sentimita 70. Mgongo wa potwe uko chini ya maji, tuseme mita 1. Kilicho mbali na kamera huonekana kidogo, kwa hiyo 8.0 ni fupi mno.

Hapo maji yanaongeza mchezo wao. Mtu yeyote aliyewahi kuchoma samaki kwa mkuki anajua kwamba samaki hayuko pale jicho linapomwona. Mwanga ukitoka majini kuja hewani hupinda, na ukitazama kutoka juu wima, kitu kilicho kina cha mita 1 huonekana kama kiko sentimita 75 tu. Kwa hiyo kwenye hesabu usitie kina chote, tia robo tatu. Kamera ilikuwa mita 27 juu ya maji. Hadi ukingo wa boti ni mita 26.3. Hadi potwe, kwa jinsi kamera inavyomwona, ni 27.75. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata nyongeza ya asilimia 5 na nusu. Mita 8.0 inakuwa 8.4.

"Yule ni wa boti hii hii." Mpe mzee salamu zangu.

Hata hivyo usikimbie kuandika 8.42 kwenye daftari. Kina cha mita 1 nimekikisia mimi, urefu wa ukingo pia. Na bado hatujamwuliza potwe mwenyewe alikuwa amekaaje. Hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Potwe ni samaki, mkia wake hupiga kushoto na kulia, hivyo ukimtazama kutoka juu mara nyingi amepinda kama upinde. Ukivuta mstari mmoja ulionyooka kutoka pua hadi mkia, unapima kamba ya upinde, si upinde wenyewe. Vuta vipande vidogo vidogo vinavyofuata mgongo, au chagua picha aliyonyooka. Kisha kuna kula. Mafia potwe hufuata viumbe wadogo wanaojikusanya juu ya maji, na anapokula huinua kichwa na kuuacha mkia uzame. Akiinama kwa nyuzi 20, urefu unaouona kutoka angani umepungua asilimia 6, na picha moja haitakuambia umepungua kiasi gani. Dalili ni mkia kuwa hafifu na wa bluu wakati kichwa kinaonekana wazi na madoa yake yote. Picha kama hiyo itupe, hata kama ni nzuri ya kumtumia mgeni.

Kwa nyangumi na pomboo mambo hugeuka. Wao mkia hupiga juu na chini, hivyo hawapindi upande upande lakini hujikunja kama daraja. Wapimaji wao husubiri ile sekunde mnyama anapolala bapa karibu na uso wa maji. Kwa nyangumi hawaishii kwenye urefu. Huchukua upana wa mwili kila baada ya asilimia 5 ya urefu, kuanzia kichwani hadi mkiani, na kutokana na hapo hukadiria unene, yaani akiba ya mafuta. Fredrik Christiansen na wenzake walifanya hivyo kwa nyangumi wenye nundu huko Exmouth, Australia Magharibi, ambako mama wananyonyesha bila kula, na ungeweza kuona kwa vipimo jinsi mama anavyokonda. Hapa kwetu nyangumi hao hupita kila mwaka, Watamu watu huwatazama kuanzia Julai, nao wako katika hali hiyo hiyo ya kufunga.

Zamani urefu wa nyangumi ulipimwa akiwa amekufa, juu ya sitaha ya meli ya wawindaji au amekwama ufukweni. Ndege na helikopta zilisaidia, kwa gharama kubwa. Mwaka 2014 John Durban na Holly Fearnbach walirusha droni ya mapanga sita juu ya nyangumi wauaji huko British Columbia, Kanada, wakaweza kuona nani amenenepa, nani amekonda, nani ana mimba. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nyangumi wa Atlantiki Kaskazini waitwao kwa Kiingereza *right whale*, wale walio hatarini kutoweka, uliotumia picha za ndege pamoja na za droni: nyangumi aliyezaliwa 2019 anatarajiwa kuwa mfupi kwa karibu mita 1 akikomaa kuliko aliyezaliwa 1981, na kunaswa kwenye kamba za uvuvi ni sehemu ya sababu. Fikiria kama vipimo vile vingekuwa na kosa la asilimia 20 kama lako la mwanzo. Ile mita 1 isingeonekana kabisa.

Kwa potwe wako ni vilevile. Wengi wa Kilindoni ni madume vijana, na madume huanza kukomaa wakiwa karibu mita 8 hadi 9. Wa mita 8.0 na wa 9.6 ni hadithi mbili tofauti. Tena potwe hukua makumi ya sentimita tu kwa mwaka, hivyo kosa la sentimita 40 linameza ukuaji wa mwaka mzima na kubakisha njaa.

Ndipo nije kwenye swali la leza. Kifaa chenyewe ni kipimaumbali kidogo kinachofungwa chini ya droni na kupiga mwali hadi majini, ili usitegemee barometa. Kinafanya kazi. Mwaka 2017 Steve Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walieleza kisanduku cha namna hiyo walichokitumia kwa nyangumi wa Visiwa vya Auckland, na makosa yakashuka hadi karibu asilimia 1. Ila kwako nina wasiwasi. Droni ndogo ya shemeji haikujengwa kubeba mzigo, itayumba na kumaliza betri. Na leza haitakuambia kina cha potwe, wala haitamnyoosha. Nunua siku ambayo makosa mengine yote umeyamaliza, na umebaki na la urefu peke yake.

Badala yake nenda kwa fundi bomba, nunua bomba la plastiki, kata mita 2 kamili, ziba ncha zote mbili, lipake rangi ya chungwa. Kila siku kabla ya kwenda kwa potwe, lielee baharini, rusha droni, piga picha mnato kumi ukiwa mita 20, kumi ukiwa 30, kumi ukiwa 40. Bomba liko usoni mwa maji, halina ukingo wa kukusumbua. Jioni lipime kwenye picha zote. Likitoka 2.10, 2.08, 2.11, unajua droni yako leo inarefusha kwa karibu asilimia 5, unasahihisha. Likitoka 1.85 hapa na 2.15 pale bila mpangilio, siku hiyo usipime mnyama. Liweke bomba katikati ya picha na pia pembeni, maana lenzi pana huvuta kingo. Potwe naye mweke katikati. Na kila mmoja mpime kwenye picha tano au zaidi, uandike wastani na pia ya chini na ya juu kabisa.

Njia nyingine, ambayo tayari imetumika Mafia na Msumbiji kwa potwe hawa hawa, ni leza mbili za mkononi zilizofungwa sentimita 50 mbali mbali. Mwogeleaji hupiga picha ya ubavu, nukta mbili za kijani zinaonekana kwenye ngozi, nazo ndizo rula. Haina shida ya kina wala ya barometa. Shida yake ni kwamba mwogeleaji lazima awe sambamba na samaki wa mita 8 anayetembea, na si kila siku maji ni meupe. Kama mko wawili, mmoja angani na mmoja majini, mnakamilishana, kwa sababu ya jambo hili: droni haimtambui potwe. Madoa yanayotumika kumjua ni yale ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, na kutoka juu huyaoni. Bila picha ya madoa, utajua umepima potwe wa mita 8.4 lakini hutajua kama ni yule wa mwaka jana. Na nyinyi mna bahati ambayo wengine hawana. Vinasa sauti vilivyowekwa chini ya maji, vinavyosikiliza vitambulisho vya mlio walivyofungwa potwe, vilionyesha kwamba potwe wengi wa Mafia wapo hata miezi ambayo juu hawaonekani. Yule uliyempima Novemba una nafasi nzuri ya kumpima tena Novemba nyingine.

Kuhusu mlio, sehemu kubwa ya sauti ya angani hugonga uso wa maji na kurudi juu, na potwe chini anasikia kidogo sana. Ukiwa mita 25 au 30 sioni tatizo kwake. Usishuke chini ya mita 10 kwa sababu ya picha nzuri, hasa kwa pomboo na kasa, ambao hushtuka kwa kuona kivuli au kitu kinachoning'inia juu yao. Ndege wa baharini wakikusanyika juu ya dagaa, ondoka. Ningekuwa na wasiwasi zaidi na boti nne zinazomzunguka potwe mmoja kuliko droni moja juu yake, lakini hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa la kibali, na hapa sitazunguka. Tanzania huwezi kurusha droni kwa sababu tu ni ya shemeji na imo kwenye begi. Inahitaji kibali cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa pia inahusika. Ukivuka kuingia eneo la Hifadhi ya Bahari, hifadhi nayo ina utaratibu wake. Kwa wasomaji walio Kenya, mlango ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, na ndani ya hifadhi za bahari ni KWS, shirika la wanyamapori. Usiirushe tena kabla hujamaliza hilo. Na kwa kuwa umesema unataka namba zifae utafiti, hapo ndipo maandishi yangu yanapokoma kukutosha. Utafiti unahitaji kibali kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na unahitaji mtu wa kukaa nawe na data mezani. Nenda TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au vuka hadi Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, ukiwa na picha zako za bomba mkononi. Mtu aliyepima bomba mara thelathini kabla ya kupima samaki atapokelewa tofauti na aliyekuja na video ya kupendeza.

Wageni wakikuuliza kabla ya hapo, waambie "kati ya mita 8 na 9". Ni jibu la kweli.

Mwisho, kitu kimoja ambacho hukuuliza. Droni yako ikipungukiwa betri au ikipoteza mawasiliano, itarudi yenyewe mahali ilipopaa. Boti yenu wakati huo imeshasukumwa na maji mita mia mbili. Itashuka taratibu, vizuri kabisa, katikati ya bahari. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe mahali pa kurudi paifuate rimoti, na betri ikifika asilimia 40 ilete mwenyewe. Anayeidaka avae glavu nene, na asiwe yule anayeendesha boti.